Kasha la Babu: Bastola Iende, Boksi Libaki

SWALI

"Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanamke wa Langoni, Lamu. Babu yetu mzaa mama alifariki mwaka jana na sasa ndipo tunapangua chumba chake. Ndani ya kasha, chini ya kanzu na hati za shamba, tumekuta boksi la kadibodi jekundu lililofifia. Lebo yake imebaki nusu, inasomeka WEBL. Ndani mna bastola ya silinda iliyoshika kutu, brashi ndogo ya waya, karatasi yenye mchoro wa bastola iliyokunjwa mara tatu, na cheti chenye mhuri wa serikali ya kikoloni kwa jina la Mzungu ambaye babu alikuwa karani wake. Kwenye cheti nambari inaishia na 41, lakini kwenye chuma mimi naona 47. Kaka yangu alimtumia picha dalali mmoja wa Malindi, naye ameshapiga simu mara mbili akisema tumpe vyote, ana mteja wa nje na pesa ni nyingi. Kaka anataka kuisugua kwanza kwa msasa na mafuta ya taa ing'ae. Mimi nahofia. Je, ina thamani? Tuisafishe? Tunaweza kuiweka nyumbani iwe kumbukumbu ya babu?"

JIBU

Marahaba mwanangu, na Mola amrehemu babu. Kabla sijasema neno moja la thamani, mwambie kaka yako aweke huo msasa chini. Na bastola yenyewe msiiguse tena. Msiifungue, msizungushe silinda kutazama kama mna kitu, msimwelekezee mtu hata kwa mzaha. Risasi ya zamani haiozi kama yai. Iliyokaa miaka sitini ndani ya silinda huenda ikakataa kulia, na huenda ikakubali. Lifunikeni boksi kama lilivyo, lirudi kashani, kasha lifungwe, ufunguo ukae kwa mtu mzima mmoja, watoto wasiingie chumba hicho. Halafu uendelee kunisoma.

Nijieleze kidogo ili ujue unaongea na nani. Mimi sina bastola hata moja na sijawahi kumiliki. Nilikuwa mchapaji hapa Malindi zaidi ya miaka thelathini, na risasi nilizozishika maishani ni zile za kuyeyusha na kupanga herufi. Nilipoanza kukusanya vitu vya bastola za kale nilikusanya nilichokijua: maboksi, vikaratasi vya maelekezo, katalogi, risiti za duka, vyeti vilivyokwisha muda. Mke wangu husema ni mtu gani huyu anayeweka ganda akatupa ndizi. Lakini katika biashara hii ganda ndilo adimu.

Chuma hudumu. Ukikiacha ndani ya kasha miaka hamsini utakikuta, japo kina kutu. Boksi ni karatasi ngumu na gundi ya wanga, na gundi ya wanga ni chakula cha kombamwiko. Mtu alinunua bastola dukani, akaitia kwenye ala ya ngozi kiunoni, boksi likawa la sindano, la misumari, au likawashia jiko. Kikaratasi cha maelekezo kilisomwa mara moja, siku ya pili kikafungia tumbaku. Ndiyo maana leo bastola zilizobaki ni nyingi kuliko maboksi yake, na mwenye bastola isiyo na boksi hulitafuta kama mwenye kiatu kimoja anavyotafuta cha pili. Kule Marekani boksi tupu la bastola ya kiwanda cha Colt au cha Smith & Wesson la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lebo ikiwa bado ipo pembeni, huuzwa kwa mamia ya dola. Tupu, nasema. Hewa ndani.

Na karatasi hupandisha bei kuliko boksi. Mwaka 1935 Smith & Wesson walipoanza kuuza bastola yao ya .357 Magnum (tarakimu hizo hutaja upana wa risasi kwa inchi), kila mnunuzi alipewa kadi ya kujaza jina lake na kuirudisha kiwandani, na aliyeirudisha alitumiwa cheti cha usajili chenye jina lake na nambari. Ya kwanza ilikwenda kwa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Mtindo huo uliachwa mwaka 1939. Wengi hawakurudisha kadi, wengine walipoteza vyeti, na sasa bastola yenye cheti chake na boksi lake husimama daraja tofauti kabisa na pacha wake aliye mtupu, ingawa chuma ni kilekile, kutoka mashine ileile.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa mwaka 2021, pale bastola ya Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimwulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881 iliponadiwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Ukiitazama ni Colt kama Colt nyingine za miaka ile. Garrett alipokufa, bastola ilikuwa imetundikwa katika baa moja ya El Paso. Mjane wake, Apolinaria, akaenda mahakamani kuidai na akashinda mwaka 1934. Kesi ile ya mama mjane ndiyo iliyoacha njia iliyoandikwa kutoka mkono hadi mkono. Bila njia hiyo, kila mwenye Colt kuukuu angeweza kudai ndiyo yake.

Sasa nirudi kwenye kasha lenu. Hiyo WEBL ya kwenye lebo ni Webley, kiwanda cha Birmingham, Uingereza. Walitengeneza bastola za jeshi za .455 kuanzia Mark I, yaani toleo la kwanza, ya mwaka 1887 hadi Mark VI ya mwaka 1915, na baadaye ndogo za .38 zilizosambaa kwa polisi na raia katika makoloni. Kwa maelezo yako mimi nadhani yenu ni ya .38, aina ya Mark IV. Zilizotoka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hazikupata muda wa kung'arishwa, na kiwanda kikazipiga chapa WAR FINISH ubavuni, kama fundi anayeomba radhi. Kama ni hiyo, dalali anawadanganya. Hata katika nchi ambako zinauzwa kihalali, Webley ya .38 ya kawaida, yenye kutu, huzungumzwa kwa mamia ya dola na si maelfu. Ingekuwa ile Webley-Fosbery ya mwaka 1901, ambayo silinda yake imechorwa mifereji ya kupinda-pinda kama mshono wa zigizaga, hapo ningekaa kitako. Lakini hata hiyo isingebadilisha neno moja katika haya yafuatayo.

Swali lako la tatu ndilo la kwanza. Kuiweka nyumbani hamwezi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kifungu cha 4, inasema hakuna ruhusa ya kununua, kupata wala kuwa na silaha au risasi bila cheti cha silaha. Cheti mlichokikuta ni cha yule Mzungu, kwa jina lake, kwa muda wake. Hakikumfaa babu na hakiwafai ninyi. Silaha hairithiwi kama kitanda cha samadari. Najua watu husoma kwenye intaneti kwamba bastola ikizeeka huwa huru. Wanasoma sheria za watu. Marekani kweli bastola iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899 huhesabiwa ya kale kwa sheria yao ya mwaka 1968, na Uingereza nao wana mlango wao wa vitu vya kale. Sisi usitegemee umri wala kutu. Na msiseme "tutaitoa kipande kimoja isifanye kazi", maana sheria huhesabu hata vipande.

Tena mko Lamu. Sina haja ya kukueleza wewe hali ya usalama huko tangu mwaka 2014, wewe ndiye uliyelala na amri ya kutotoka nje usiku. Mtu akikutwa na bastola kwenye boti ya Mokowe au kwenye kizuizi cha barabara ya Witu na Garsen, hakuna askari atakayesimama kusikiliza habari ya babu na kasha. Kwa hiyo msiniletee Malindi niitazame. Msimpe dalali. Msimpe bodaboda aipeleke kituoni ndani ya kikapu. Na kaka yako afute ile picha na asiisambaze zaidi.

Njia iliyo salama ni hii. Mtafuteni wakili, na kama hamna uwezo, mzee wa mtaa au chifu anayejulikana kituoni. Mmoja wao apige simu au aende kwa mkuu wa kituo cha polisi, aseme: katika mali ya marehemu tumekuta silaha ya zamani, iko mahali fulani, hatuigusi tena, tunataka kuisalimisha. Polisi ndio waseme kama watakuja kuichukua au vipi. Pakitokea risasi, nazo ni zao, hata iwe moja. Jambo litaandikwa kwenye kitabu cha OB, daftari la matukio la kituo, nanyi mchukue nambari ya OB kabla hamjaachana. Usione haya kuomba maandishi yawe kamili: aina ya bastola, ukubwa wa risasi, nambari iliyo kwenye chuma kama inavyosomeka, hali yake, risasi ngapi, na kwamba imetoka katika mali ya marehemu.

Nisikudanganye: bastola hiyo pengine hamtaiona tena. Mwaka 2016 serikali ilichoma zaidi ya bunduki na bastola 5,000 huko Ngong, na si mara pekee. Mnaweza kuandika barua kuomba kwamba kama haina kesi izimwe kabisa na ipewe jumba la makumbusho, na mimi ningeiandika barua hiyo, lakini nisingeikalia nikisubiri jibu. Inaniuma kusema hivi. Mchapaji hapendi kitu chochote chenye herufi kuchomwa. Ila chuma hicho si chenu kukiokoa.

Karatasi ni jambo jingine, na hapo ndipo penye kazi yako.

Kabla polisi hawajaja, toa cheti na kile kikaratasi cha mchoro, bila kugusa bastola. Kama karatasi ziko chini ya bastola, ziache hivyohivyo na uombe askari akutolee. Zipige picha pande zote mbili kwenye kivuli chenye mwanga, si juani. Kila mhuri, kila stempu, kila neno la penseli pembezoni. Polisi wana haki ya kutaka cheti na hata boksi kwa ajili ya uchunguzi. Wakivichukua, omba orodha iliyotiwa sahihi na useme wazi kwamba familia inaomba virudishwe. Vikirudi, ni vyenu. Vikikawia, picha unazo.

Kisome hicho cheti polepole. Kichwani bila shaka kitasema "Colony and Protectorate of Kenya". Hilo jina ni la kuanzia mwaka 1920 hadi uhuru, na neno "Protectorate" humo ni sisi wa pwani, ukanda wa Sultani wa Zanzibar. Tazama kama pana stempu iliyobandikwa. Uso wa mfalme George VI ni wa mpaka mwanzo wa miaka ya hamsini. Uso wa malkia Elizabeth kwenye stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika ulianza mwaka 1953. Kwa stempu peke yake unaweza kukisia kama yule bwana alilipia cheti kabla au katikati ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Jambo hilo si dogo. Siku zile kukutwa na silaha bila idhini ilikuwa hukumu ya kifo. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipohukumiwa Nyeri mwaka 1956, shtaka halikuwa vita vya msituni. Lilikuwa kupatikana na bastola ya .38 na risasi zake, na kwa hilo alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Faili ya kesi ile ilidhaniwa imepotea kwa miongo mingi mpaka ikapatikana, na leo ni karatasi hizo zinazosomwa na kubishaniwa.

Kwa hiyo cheti cha bastola ya .38 cha miaka hiyo, chenye jina na mahali, kilichotunzwa na karani wa Lamu, ni kitu ambacho mimi ningekipa nafasi kuliko boksi lote. Na tazama jambo moja zuri la babu yako. Mtu mwingine angeficha bastola akachoma cheti. Yeye aliviweka pamoja, na brashi yake, na maelekezo yake, chini ya hati za shamba. Huyo alikuwa karani kwelikweli: mali na stakabadhi yake hazitengani.

Sasa ile 41 na 47. Usiikwangue! Nambari hizo hupigwa kwa nyundo na chapa, moja baada ya nyingine, na chapa ya 1 yenye kikofia ikipigwa ikalala kidogo, kutu ikajaa kwenye kikofia, hugeuka 7 mbele ya jicho lolote. Nimeliona hilo hata kwenye herufi zangu za risasi zilizochakaa. Yawezekana pia uliisoma nambari ya kipande kingine, au karani wa serikali alikosea kunakili, au kweli cheti ni cha bastola nyingine. Atakayejua ni askari mwenye tochi na cheti mkononi, na ndiyo sababu nimekuambia nambari iandikwe kamili kwenye OB. Lakini kaka yako akipitisha msasa hapo, mambo mawili hutokea kwa mpigo mmoja. Kwa mkusanyaji ameua ile rangi ya buluu ya kiwandani ambayo hairudi. Kwa polisi anafanana na mtu aliyetaka kufuta nambari ya silaha. Hilo la pili ndilo lingeninyima usingizi.

Kuna ushahidi mwingine ambao haumo kwenye nambari. Ninapoandika nina mbele yangu boksi la Smith & Wesson nililolipata miaka mingi nyuma, nyumba moja ya hapa Malindi ilipokuwa ikiuzwa vyombo. Kifuniko ni cha buluu, pembe mbili zimepasuka. Ukiligeuza, chini pana tarakimu za penseli nene, za mtu aliyeandika mamia kwa siku: 4 yake haikufungwa juu, 0 yake imeachwa wazi. Hiyo ndiyo nambari ya bastola, maana kiwanda hicho kilikuwa na desturi ya kuiandika chini ya boksi. Ukilifungua sasa, kwenye sakafu yake utaona bastola. Haipo, lakini utaiona. Mafuta yaliyopakwa chuma yamezama kwenye kadibodi miaka na miaka yakaacha doa la rangi ya chai, lenye mtutu, silinda na mpini. Doa hilo nimelipima kwa rula, na urefu wa mtutu unalingana na ulioandikwa kwenye lebo. Boksi la kughushi halina doa la namna hiyo, au lina doa lililomiminwa, lisilo na umbo. Bastola ikishachukuliwa, tazama sakafu ya boksi lenu. Kama doa lina umbo la bastola fupi na boksi ni la bastola ndefu, basi boksi na bastola vilikutanishwa ukubwani.

Maboksi ya kughushi yapo, tena mengine huuzwa waziwazi kama nakala, kisha mikononi mwa mtu wa tatu hugeuka "asili". Mimi mwenyewe niliwahi kulipa shilingi 14,000 Mombasa kwa boksi la Colt na kikaratasi chake, vya miaka ya ishirini, nikaapiwa kwa jina la mama. Nilivinunua jioni, taa hafifu, roho inanienda mbio. Kurudi nyumbani nikapitisha kidole nyuma ya kikaratasi. Laini kama sahani. Uchapaji wa zamani wa herufi za risasi huuma karatasi. Ukipapasa nyuma utahisi vijinundu, hasa kwenye nukta na mistari. Uchapaji wa ofseti, huu wa kisasa, hauumi. Nikaenda kwa kijana wa M-Pesa hapo kona, nikamwomba ile taa yake ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi ikawaka buluu nyeupe kama shati la Idi. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya hamsini hutiwa dawa ya kung'arisha inayowaka hivyo. Ya miaka ya ishirini hubaki imefifia. Nilipompigia muuzaji akaniuliza, "Kwani Mzee hukuitazama?" Alikuwa na haki. Mimi, mchapaji.

Taa hiyo ya zambarau itakufaa na wewe, na kioo cha kukuzia. Nukta ndogondogo za rangi nne kwenye sehemu inayotakiwa kuwa ya rangi moja, hiyo ni printa ya juzi. Anwani nayo husema: lebo ya Marekani yenye ZIP kodi, nambari yao ya posta, haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1963, maana ndipo nambari hizo zilipoanza. Ila kwa boksi lililokaa chini ya kanzu za babu, ukaguzi huu ni wa kujifurahisha zaidi. Nani wa kughushi boksi la Webley akalificha Langoni?

Utunzaji sasa, kwa sababu Lamu si rafiki wa karatasi. Chumvi, unyevu, na mvua za masika upepo wa kusi unapoingia. Usibandike selotepu kwenye ile lebo iliyobaki nusu, hata kama inaning'inia. Nilibandika yangu moja mwaka ambao nilikuwa sijui, na gundi ya selotepu ikageuka rangi ya asali, ikala wino. Usipeleke cheti kwenye laminesheni. Joto lile na plastiki ile havina kurudi nyuma. Usivifunge kwa gazeti, gazeti lina asidi, hupaka wenzake umanjano. Usitie karafuu, nimesikia wengi wakishauri. Mafuta yake hutia doa. Nunua karatasi nyeupe nzuri isiyo na asidi ukiipata Mombasa. Usipoipata, kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato. Boksi liingie ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya vilivyoandikwa visiliwe. Kila baada ya miezi mitatu, siku kavu ya kaskazi au asubuhi yenye upepo, fungua, pekua, badilisha vipakiti. Ndoo isikae sakafuni wala isigusane na ukuta wa mawe ya matumbawe, ukuta huo hunywa maji.

Kikaratasi kilichokunjwa mara tatu usikilazimishe kunyooka. Kiache ndani ya chumba chenye hewa ya kawaida, siku mbili tatu, kisha kifungue kiasi kinachokubali. Kikiwa kimeshikana, acha. Brashi ya waya itenge na karatasi, kutu yake huhama. Na ikiwa kuna ala ya ngozi mahali pengine kashani, nayo itenge. Ngozi za kale hutoa dawa zilizotumika kuzitengeneza na kuharibu chochote kinachogusana nazo. Ndiyo maana bastola zilizolazwa ndani ya ala hushika kutu kuliko zilizolazwa ndani ya boksi, ingawa wenyewe walidhani wanazihifadhi.

Kuhusu kuuza. Boksi na karatasi, baada ya polisi kumaliza nazo, hazina risasi na hazimtishi mtu. Kwa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingia Kenya kabla ya mwaka 1895 ni mali ya kale na hakitoki nchini bila kibali, lakini vitabu na hati havimo katika maana hiyo, na boksi lenu, kwa nilivyolikisia, ni la baadaye sana. Kwa hiyo mlango upo. Ila kama ni mimi, nisingemuuzia yule dalali. Mtu anayemwambia mjukuu wa marehemu ampe bastola ampelekee mteja wa nje, kwa njia asiyoitaja, anataka ninyi mshike makali na yeye ashike mpini. Akipiga tena mwambie iko mikononi mwa polisi, na muda si mrefu itakuwa kweli.

Ningeanza kwa kwenda pale Makumbusho ya Lamu, ukingoni mwa bahari, nyumba waliyokaa maofisa wa Kiingereza enzi zao. Waulizeni kama wangependa nakala ya cheti, au hata chenyewe kwa mkopo, na waambieni habari za babu: alikuwa karani wa nani, miaka gani, shamba lipi. Hayo yaandikwe sasa wakati bado kuna anayeyakumbuka. Muulize mama yako jioni moja, andika kwa mkono wako, tia tarehe na jina la aliyesema. Karatasi hiyo nayo iingie ndani ya boksi. Wakusanyaji wana kiu ya karatasi za namna hiyo kuliko unavyodhani, na hata kama hamtauza kamwe, wajukuu zenu watataka kujua kwa nini wana boksi la bastola lisilo na bastola.

Mkishapata nambari ya OB, omba pia barua fupi ya kituo inayosema silaha imesalimishwa, tarehe fulani, nambari fulani. Ikunje mara moja tu na uilaze ndani ya boksi, juu ya lile doa. Kisha nitumie picha ya cheti, pande zote mbili. Cheti tu, mwanangu, bastola usinionyeshe.